Herufi za vikare

Siku ya tano, mangaribi

Niko na kasirani bado. Chantal, mwenye tunatengeneza naye muchezo wa telefone, aliniandikia tena: «Herufi zako ziko kama za telefone ya zamani. Zilainishe!» Miye nilizijenga na vikare vidogo vya pembe ine, kimoja kimoja, zisomeke hata ku ekra ndogo ya telefone. Naogopa pengine Chantal iko na haki.

Nikamupa Papa telefone ajaribu muchezo. Hata mesaji zangu anazisomaka na lineti ya macho. Leo ilibakia ku meza.

«Ruka mutaro,» akasoma kwa sauti. Akaruka mu muchezo, akaanguka. «Aa! Mutaro gani kubwa hivi?» Akaanza tena.

Nikangojea aseme kitu juu ya herufi. Alisoma tu, bila lineti.

Chantal, sigusi hata kikare kimoja.