Kiungo Kilichotoka kwa Rehani

Kwamndolwa,
Korogwe.
15 Juni 2025

Mpendwa mama mdogo Fatu,

Shikamoo mama. Baridi ya Songea imeanza? Na ule mguu uliokuwa unakusumbua, sasa unakanyaga vizuri? Sisi huku tu wazima. Mama yuko Kang'ata na ni mzima kabisa. Juzi nilimkuta shambani. Naanza na hilo kwa sababu najua ulipata ujumbe wenye picha yangu ukisema amelazwa. Sikuuandika mimi.

Ilikuwa hivi. Jumatatu asubuhi jirani yetu Rehani alinitumia ujumbe: orodha ya wakulima watakaopata mbegu bure imetoka, bonyeza hapa uone jina lako. Unajua mimi ni katibu wa kikundi chetu cha wakulima. Nikabonyeza. Ukurasa ukataka namba yangu ya simu, kisha tarakimu sita zilizoingia kwa meseji. Nikaziandika. Haikupita muda Watsapu ikanifungia, na mtu nisiyemjua akaanza kuwaandikia ndugu kwa jina langu, wengine akiwaambia mama amelazwa, na wote akiwapa kiungo cha kubonyeza.

Mama ndiye aliyeshtuka wa kwanza. Akanipigia. "Umeniandikia 'habari za asubuhi'. Tangu lini mwanangu akanisalimia hivyo? Wewe ni nani?" Ilibidi nimjibu kwa Kizigua ndipo akaamini.

Fundi simu wa mjini alinisaidia kujiandikisha upya na kuweka namba ya siri ya ziada. Alinieleza kuwa zile tarakimu sita ndizo ufunguo wenyewe, hapewi mtu yeyote.

Lakini nilitaka kujua kiungo kilianzia wapi. Kumbe Rehani mwenyewe hakuwa amenitumia kitu. Simu yake nayo ilitekwa, baada ya kubonyeza ujumbe wa binamu yake Bernardo, fundi baiskeli wa Magoma. Jumatano nikapanda gari hadi Magoma.

Bernardo hakuniangalia usoni. Yeye alitekwa wiki nzima kabla yetu. "Niliona aibu," alisema. "Mtu mzima naanzaje kusema nimedanganywa na simu?"

Nilikwenda na hasira, mama mdogo, ila nikajiuliza kama mimi ningesema. Tukakaa tukakisoma kile kiungo herufi moja moja. Jina la ofisi ya kilimo lililoandikwa humo lilikuwa na herufi moja imerudiwa, si anwani yao halisi. Kumbe mimi nilisoma neno "mbegu" tu.

Kama na wewe ulibonyeza, usione haya. Nenda kwa fundi unayemwamini, kisha unipigie nisikie sauti yako.

Jana kwenye mkutano wa kikundi nilisimama nikaeleza yote. Nilipokaa, mwanakikundi mwenzangu Grasiana alitoa simu kwenye mkoba akanionyesha. Ujumbe uleule, umeingia asubuhi hiyo kutoka kwa kaka yake. Alikuwa anasubiri mkutano uishe aufungue.

Nisalimie baba mdogo Adamu na Yusra. Mama anakusalimu sana. Mungu awalinde nyote na auponye mguu wako.

Ni mimi mwanao nikupendaye,
Shamimu