Radhi ya Kuchekesha Watu

Mwanangu Hamisi,

Asalaam aleikum. Kifua kimepoa? Unakunywa maji ya moto asubuhi? Mimi mzima, alhamdulillahi, ila nyumba hii ya Maskati ni kubwa na haina mtu wa kuniuliza nimeamkaje. Barua nampa Mwanaisha, mwenzangu wa Msambweni anayerudi nyumbani. Kwenye simu nikikusikia tu nalia, maneno yananikwama.

Shangazi yako ameniambia umeacha kazi ya hoteli kule Galu, wataka kuchekesha watu kwenye filamu za vijana wa Ukunda, na wangoja radhi yangu. Siku hiyo uji uliniungulia jikoni.

Yule mzee wa Kihindi ninayemtunza, baba wa tajiri wangu, sikukwambia kazi yake. Alikuwa mchekeshaji wa filamu huko Bombay, na maneno ya waigizaji wengine pia aliyaandika yeye. Filamu yake ikionyeshwa kwenye televisheni, midomo yake inatangulia: yeye asema kwanza, mwigizaji afuata. Wenye nyumba wametoka, twatazama wawili tu. Watu wote wale aliwachekesha, na leo simu yake hailii. Mama yake alikufa yeye yuko kazini, amevaa mavazi ya kike achekeshe watu. Hakuwahi kumuaga. Ndiyo maana naogopa, Hamisi.

Juzi akagoma kula. Nami nikajisahau, nikamtania kama tunavyotania matangani kwetu. Nikamwambia kwa Kihindi changu cha jikoni, "Mzee, kufa basi! Hayo meno ya bandia nayataka, kuna babu mmoja kule Gazi hana hata moja."

Kumbe tajiri wangu yuko mlangoni. "Wamwambia nini baba yangu?"

Nikajua kazi imekwisha, narudishwa. Mzee akayatoa meno, akanitia mkononi. "Usimuuzie rahisi," akasema na kinywa kitupu. Akacheka mpaka akakohoa, kisha akayadai meno yake, akala. Tajiri wangu kuona baba yake anakula, akarudi zake.

Mzee akauliza nani alinifundisha utani huo. Nikamweleza kwetu mjukuu ni mtani wa babu yake, na wewe kwenye matanga ya babu ulivyomwigiza akitafuta miwani naye ameivaa, hata bibi yako akacheka machozi yakimtoka.

"Na wewe ulicheka?"

Nikamwambia sikuwepo, nilisimuliwa.

Akanishika mkono tu, tukakaa.

Basi radhi nimekupa, mwanangu, kwa moyo mweupe. Ila ukisikia naumwa, iache hiyo kamera uje.

Nisalimie bibi yako, asikae kwenye sakafu ya baridi. Shangazi yako pia, mwambie hasira zimeshaniisha. Dada yako mjamzito asinyanyue ndoo.

Nawe jirekodi ukimwigiza babu na miwani yake, unitumie. Mzee asema atakukosoa. Mimi nataka kucheka tu, nami niwemo.

Mama yako, akuwazaye kila aonapo sahani yako haipo mezani,
Mwanakombo