Mti wa Mbele ya Saluni

2 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Hali yako, na mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, ila kufua mashuka ya hospitali kunazidi kunila mikono. Simu zangu hupokei tangu tumzike Mama, basi nimeona niandike. Uliniambia nilikuja kama mgeni nikaondoka kama mgeni. Hayo tutayazungumza ukipenda.

Dereva anayekuletea barua hii amebeba na mche. Muuzaji anauita mgunga wa asali, kwa sababu maganda ya mti wenyewe yana utamu ndani. Huu ni wa mapambo, hauna miiba, na majani yake machanga yana rangi ya dhahabu. Iko safu nzima nje ya dirisha letu la dobi. Kivuli chake ni chepesi, ukikaa chini yake bado unaona kutia uzi kwenye sindano. Nikawakumbuka wateja wako wanavyoungua jua kwenye lile benchi la saluni yako.

Chini ya shina kuna kovu, pale ulipounganishwa na shina jingine lenye miiba. Usilifukie. Na maji uupe mengi mara moja kwa wiki, usiutilie kidogokidogo kila siku.

Mdogo wako

19 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Nashukuru kusikia u mzima. Mgongo ni uleule.

Mche umefika umepinda kama mtu aliyesafiri amesimama. Mimi nilitaka ndugu, wewe umeniletea mti. Nimeupanda kwa kuwa siwezi kutupa kitu chenye uhai, usidhani tumepatana. Pale mbele ni kokoto tupu. Nimechimba kwa sururu mpaka viganja vimetoka malengelenge, na wateja wakanisaidia kwa maneno. Fundi baiskeli wa jirani alisimama mlangoni kwake akaniambia, "Hapo hata jani la bangi haliwezi kuota." Sasa lazima uote.

Dada yako

28 Aprili, mwaka uliofuata

Mdogo wangu,

Hujambo? Huku tumetoka kwenye majira ya baridi salama. Barua hii ni fupi: mti wako umekufa. Miti yote ya mtaa imechipua, wenyewe umesimama kama ufagio. Fundi baiskeli amejitolea kuung'oa, anasema patamfaa kuegeshea baiskeli za watu. Nimemwambia asiuguse mpaka nipate neno lako.

Dada yako

6 Mei

Dada,

Shikamoo. Poleni na baridi. Mimi nipo, nachokachoka tu.

Haujafa. Huo ndivyo ulivyo, unaamka baada ya miti yote. Kwaruza gome kidogo kwa ukucha. Ukikuta kijani chini yake, mwambie fundi atafute pa kuegeshea pengine.

Mdogo wako

14 Julai

Mdogo wangu,

U hali gani? Kuchokachoka huko kumeisha? Hukusema ni kwa nini.

Kijani nilikikuta. Wiki iliyofuata ukafumuka, dhahabu tupu, watu wakawa wanapita wakigeuza shingo. Nikaanza kujisifu. Juzi upepo ukavunja kichwa chote. Nililia, nikijua fundi ananiona. Halafu nikachukua msumeno, nikakata pale palipochanika mpaka pakawa safi, nikachagua chipukizi moja lililosimama vizuri nikaliegemeza kwenye mti mkavu niliousimika kando. Nimelifunga kwa utepe wa nywele, tena kwa kulegeza, lisibanwe.

Chini ya lile kovu nako kumetoka tawi lenye miiba kama sindano za magunia. Limemchana mteja mkono. Nimeling'oa. Likirudi nitaling'oa tena. Huu mti sasa una ugomvi na mimi, na sina nia ya kushindwa.

Nijibu.

Dada yako

2 Oktoba

Mdogo wangu,

Barua mbili hujajibu. Simu yako imezimwa. Leo nimempigia msimamizi wako wa dobi.

Akasema, "Kwani hujui? Amelazwa. Amepasuliwa tumbo."

"Mbona sikuambiwa?"

"Alikataza. Alisema dada yake bado ana hasira."

Hasira ninayo, na ninakuja nayo. Nimefunga saluni. Barua hii nampa yule dereva, yeye anaondoka asubuhi, na mimi nafuata kwa basi la jioni. Manesi wakikuletea chakula, kula. Ukitoka hapo unakuja nyumbani, na hilo sikuombi.

Dada yako

24 Mei, mwaka uliofuata

Dada yangu,

Shikamoo. Umefika salama? Chumba changu umekikutaje? Najua vumbi ni la miezi, usinifokee kwa mbali.

Hapa kwako hatujambo. Daktari amenitazama jana, akasema kidonda kimefunga vizuri na majibu ya vipimo ni mazuri. Leo nimetembea mpaka kona na kurudi bila kushika ukuta. Taulo za saluni nimezifua. Zilikuwa zinatia aibu, samahani kusema.

Mti umeamka juzi. Lile chipukizi ulilolichagua ndilo shina sasa, limenyooka, limepita dirisha. Utepe nimeukata kwa sababu haliuhitaji tena. Tawi la miiba lilichungulia kwenye kovu, nikaling'oa kabla halijakomaa. Fundi baiskeli amehamishia kiti chake kivulini. Nilimtazama, naye akasema, "Nilikuwa namtania tu dada yako." Nimemwachia akae.

Ulipokuwa unapanda basi uliniuliza, "Vyombo nivilete vyote, au nikuachie huko vya kutumia ukirudi?" Nikakupandishia mkoba. Hukuniuliza mara ya pili, na basi likaondoka. Nimelifikiria jibu tangu siku hiyo. Dobi watapata mtu mwingine wa kufua.

Leta vyote. Ufunguo mpe mwenye nyumba.

Mdogo wako