Habari Iliyongoja Chakula cha Mchana

Los Pepines, Santiago
20 Machi 2016

Mdogo wangu mpendwa Radhamés,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini baridi ya Lawrence imeanza kulegea na mgongo wako umetulia. Mimi ni mzima wa mwili. Mama hajui kwamba ninakuandikia. Anayekuletea barua hii ni Fausto wa duka la mikate. Ndege yake ni kesho.

Leo ni Jumapili ya Matawi na sufuria ya maharage matamu ya Kwaresima haijashuka rafuni. Majirani wametuletea ya kwao, mabakuli matatu. Hayajaguswa.

Uliuliza kwa nini Orla hajibu salamu zako. Orla hayupo. Alirudi kwao Ireland tarehe 5, miezi mitatu kabla ya kumaliza masomo. Unajua chuo kilimleta kwetu Agosti, akalala chumba chako. Kufika Oktoba alikuwa akimwomba Mama baraka kila asubuhi kama tulivyolelewa sisi. "Baraka, Bibi." Na Mama, hata akiwa na mswaki mdomoni, "Mungu akubariki, mwanangu."

Alhamisi tarehe 3, saa sita na dakika arobaini mchana, simu ya sebuleni ililia. Simu ya Orla mwenyewe ilikuwa kwa fundi. Aliyepiga alikuwa mama yake. Kihispania chake ni kidogo, lakini nilielewa kila alichosema: baba yake Orla amelazwa, ni moyo, ana fahamu zake, anataka kusikia sauti ya binti yake. Niliandika namba ya hospitali nyuma ya bili ya umeme.

Saa saba Orla aliingia kutoka chuoni kwa miguu, jua lote kichwani. Nilifungua mdomo. Mama akanishika mkono, akanivutia jikoni.

"Una wazimu? Mtoto mwili unamchemka! Ukimpa habari kama hiyo mwili ukiwa moto, itamgandisha. Umesahau mdomo wa shangazi yako Nena ulivyokwenda upande?"

"Mama, baba yake anamngoja."

"Kwanza apoe. Kisha ale. Msiba hapewi mtu mwenye njaa."

Sikuwa nimesahau mdomo wa shangazi Nena. Nikaikunja ile bili, nikaitia mfukoni.

Mezani Mama alimtania kuliko siku zote. "Wewe, umeiva kama kamba wa kuchemsha! Kula. Ukirudi kwenu na mifupa hiyo, watasema tulikulisha maji matupu."

"Bibi, nikiongeza kijiko kimoja tu, ndege itakataa kunibeba."

"Basi bora. Utabaki hapa, tukuoze kwa Fausto."

Orla alicheka mpaka akapaliwa. Mama akamkwangulia ukoko wote wa sufuria, ule ulioupigania wewe utoto mzima.

Baada ya chakula alijilaza. Mama akasema mtu aliyeshiba haamshwi ghafla. Alipoamka, Mama akasema kwanza anywe kahawa. Saa kumi na dakika kumi, kikombe kikiwa mkononi mwake, simu ililia tena, na Orla ndiye aliyekuwa karibu nayo. Baba yake alikuwa amekufa saa tisa na dakika ishirini, kwa saa zetu. Mama yake alimwuliza kwa nini hakupiga.

Aliponigeukia hakuwa analia.

"Dada Mireya, mlijua tangu saa ngapi?"

Nilimwambia: saa sita na dakika arobaini.

"Kwa hiyo mlijua wakati mnanipa ukoko."

"Ndiyo."

Mama akasema, "Mwanangu, tulikuwa tunakulinda." Orla alimtazama kama mtu anayesikia lugha ambayo hajawahi kuisoma hata siku moja.

Miaka ishirini na sita nimesoma habari redioni: mafuriko, ajali, majina ya waliokufa. Sikuwahi kuchelewesha habari hata dakika kumi. Hii niliichelewesha saa tatu na nusu, na namba ya hospitali ilikuwa mfukoni mwangu.

Jumamosi teksi ilikuja saa mbili asubuhi. Alitubusu sote wawili, akatushukuru kwa maneno ya adabu ya wiki yake ya kwanza. Hakuomba baraka. Mama alibaki mlangoni, mkono ameuinua tayari, hadi teksi ikapinda kona. Nimemwandikia mara mbili. Hajajibu. Ningekuwa yeye, nami nisingejibu.

Tangu siku ile Mama hali. Nilidhani ni huzuni. Jumanne nilimpeleka kwa daktari, si huzuni. Ni saratani ya kongosho, nayo imeshafika kwenye ini. Daktari alisema miezi miwili, huenda mitatu. Tukiwa njiani kurudi, Mama alinishika mkono vilevile.

"Radhamés usimwambie. Yule anabeba mizigo kutwa nzima, mwili wake ni moto. Mwache kwanza apate likizo yake Agosti. Ale, apumzike."

Nikasema, "Sawa, Mama."

Simu ya sebuleni iko kando ya kiti chake. Ya mkononi nimeishika mara nne, na mara nne mdomo umenigomea. Na naona hata hapa habari nimeiweka chini kabisa, baada ya salamu na mambo ya watu wengine. Lakini sasa iko kwenye karatasi. Sijui kama inakukuta unatoka kazini na jasho, au umeketi mezani. Kama una sahani mbele yako, isukume. Usingoje Agosti. Njoo uombe baraka angali na sauti ya kukujibu.

Msalimie Yocasta, na umbusu Elpidio kwa niaba ya bibi yake. Mungu akubariki, na akufikishe mapema.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Mireya