Waridi la Wizi Nyuma ya Banda la Kuku

Jumatatu, 9 Machi 1987

Katika kaunti hii yote hakuna mtu anayejua kuotesha waridi kama mimi, Ezell Broadnax. Nikichomeka kijiti, kinaota. Nikichomeka mwiko, unaota!

Haya, uongo. Nimechomeka vijiti kumi na vinne maishani mwangu na kumi na vitatu vimekufa. Huu mche mmoja uliobaki ni wa kuibwa. Na vya kuibwa huota vyenyewe, kila mtu hapa Alabama anajua. Sifa ni ya mwizi, si ya mkulima.

Daftari hili kanipa nesi wa kliniki niandike presha kila asubuhi. Presha ipo. Basi, nimeandika.

Ile miti ya maua ya zambarau kando ya kijito imechanua leo, na haina hata jani moja. Kama mtu aliyevaa kofia akasahau suruali! Nimesimama kuiangalia hadi uji wa mahindi ukaungua jikoni. Nimeula hivyo hivyo.

Jumapili, 15 Machi

Kanisani leo karibu nife kwa kicheko. Mke wa mchungaji mpya, Dada Lorraine, ni mtu wa Chicago. Bi Verdell Tarver, jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, kamletea mche wa yale maua yake ya buluu, ndani ya mkebe wa kahawa. Dada wa watu, na adabu zake zote: "Asante sana, Bi Verdell!"

 Hata vipepeo vya kujipepea joto vilisimama mikononi.

Bi Verdell akanyoosha mkono. "Nirudishie."

"Kwani nimekosa nini?"

"Mche haushukuriwi, mwanangu. Umeshauua. Lete mkebe wangu."

Akauchukua kweli! Nikamnong'oneza yule dada: huku kwetu ukipewa mche unasema "utapata maji", au unakohoa, au unaangalia pembeni. Ukisema asante tu, mizizi inaoza. Akadhani namtania. Na mimi, kwa mara ya kwanza mwaka huu, nilikuwa nasema kweli.

Jumatano, 18 Machi

Vumbi la maua ya misonobari limeshuka. Manjano kila mahali — kwenye gari, kwenye mbwa, kwenye siagi. Nimeandika kwa kidole kwenye kioo cha gari la Bi Verdell: NIOSHE. Jioni nimekuta kajibu chini yake: ANZA NA ROHO YAKO. Mwanamke ana majibu huyu!

Mche wangu nyuma ya banda la kuku una majani matano, chini ya gudulia la kioo. Ni wa lile waridi la mama yake Bi Verdell, lililopandwa kando ya barabara mwaka aliozaliwa Verdell mwenyewe. Linachanua mara moja tu, mwezi wa nne, na harufu inavuka barabara bila hodi. Hajawahi kumpa mtu kijiti chake. Mwezi wa kumi na moja, yeye yuko kwenye maombi ya Jumatano — mimi niko kwake na kisu.

Alipoona tawi limekatwa, kosa likaangukia kwa mdogo wake Clotee, maana Clotee ndiye aliyekuwa akiomba kijiti kila mwaka. Na mimi aliniuliza. Niliapa kuwa sijui, mbele ya mashemasi, mkono juu ya kitabu cha nyimbo. (Si Biblia. Niliangalia kwanza.) Wale ndugu wawili hawajasemeshana tangu Krismasi.

Sipendi kuliandika hilo. Basi, nimeliandika.

Jumanne, 24 Machi

Watu wa barabara wamekuja. Tangu Februari walikuwa wakichomeka vigingi vyenye utepe mwekundu, eti wanapanua, na kila asubuhi Bi Verdell akivichomoa na kuvitumia kuegemezea njegere zake. Njegere zimependeza sana! Leo alikuwa mjini kwa daktari wa meno. Trekta halikuchukua hata dakika tano. Nilitoka mbio napiga kelele, slipa moja mguuni. Dereva akanipungia mkono. Alidhani namsalimia.

Waridi limesagwa pamoja na mizizi na kokoto. Nimepekua kwa koleo, kwa vidole. Hakuna.

Bi Verdell amerudi saa tisa, shavu limevimba. Kasimama.  Angetukana, ningepata nafuu.

Jumatano, 25 Machi

Kiti chake cha barazani amekigeuza. Sasa anaipa barabara mgongo.

Ijumaa, 27 Machi

Nimempelekea mkate wa mahindi. Kaupokea bila kuutania, hapo nikaogopa.

"Niliwanyima wote, Ezell. Nilisema watalivunjavunja. Sasa halipo hata kwa adui."

"Pole."

"Na wewe! Umeiba tikiti langu, umeiba tini zangu, darasa la nne ulimwibia mwalimu kengele — waridi tu ndilo lililokushinda?"

Neno lilikuwa hapa, kwenye meno. Nikisema — mimi ndiye mwizi, niliapa uongo kanisani, na nimewatenganisha ndugu. Nisiposema, mtu anaomboleza kitu ambacho hakijafa, hatua mia moja kutoka kitini kwake.

Nikamwambia mkate umekosa chumvi. Nikaondoka.

Mwoga!

Jumapili, 5 Aprili

Ile miti ya maua meupe imewaka msituni, kama mtu kaanika shuka za kanisa zima. Mvua ya rasharasha. Vyura wadogo wa bondeni wanapiga kelele, kila mmoja anataka mke leo leo. Nimekaa ngazini nikawasikiliza, nikajiona tajiri. Halafu nikakumbuka.

Nimeliondoa gudulia. Kuna tumba! Moja, kubwa kama njegere.

Nimefanya mazoezi ya kutubu mbele ya mbwa wangu, anaitwa Shemasi. Mara ya kwanza alipiga miayo. Mara ya pili aliondoka.

Ijumaa Kuu, 17 Aprili

Nimesema.

Leo kila mtu yuko bustanini anapanda maharage, ndiyo siku yake. Bi Verdell alikuwa amepiga magoti kwenye tuta. Nikasimama upande wa pili wa uzio, ili nipate pa kukimbilia.

"Bi Verdell, njoo uone kitu nyuma ya banda langu la kuku."

"Miaka sabini na tatu najua kusema hapana kwa maneno hayo hayo."

"Si mchezo. Njoo."

Sauti yangu ilimshtua, nadhani. Akaja, udongo magotini. Akaliona. Akainama, akashika jani kwa vidole viwili kama anashika sikio la mtoto. Jani la mama yake analijua.

"Lini?" Hakuinuka.

"Novemba. Ulikuwa kwenye maombi."

"Nilikuwa nakuombea wewe! Uvimbe wa mguu wako!"

"Mguu ulipona. Ndiyo nikaweza kuruka uzio."

Akanipiga kwa kofia yake. Mara tatu. Ya majani, lakini ana mkono mzito. Kisha akakaa chini kabisa, kwenye samadi ya kuku.

"Clotee," akasema. "Mungu wangu. Nilimwita mwizi Krismasi, na sahani ya keki mkononi."

"Mwambie ni mimi."

"Utamwambia wewe. Na mashemasi utawaambia wewe. Mimi nitakaa mbele nikutazame."

Tukaenda kwenye simu yangu. Nikampigia Clotee. Nikakiri yote. Halafu kaniuliza, kijiti nilikikata mshazari au moja kwa moja? Nikasema mshazari. Akasema, angalau.

Pasaka, 19 Aprili

Nimetubu kanisani. Mashemasi walicheka hadi mmoja akatolewa nje. Bi Verdell hakucheka. Clotee alikaa benchi la nyuma yake, si pamoja naye.

Mguu unauma tena. Nadhani Bi Verdell kaacha kuniombea.

Jumatatu, 20 Aprili

Baridi! Asubuhi beri za porini zimechanua nyeupe uzio mzima, na zikichanua tu, baridi hurudi mara moja ya mwisho, kila mwaka. Mti wangu wa karanga za pekani ulijua — mpaka leo haujatoa hata chipukizi. Redio inasema usiku kutakuwa na umande wa barafu. Tumba limeanza kupasuka, ncha ya waridi inaonekana, nyepesi kama ulimi wa paka. Mche wa miezi mitano. Sijui kama utavumilia.

Saa kumi jioni Bi Verdell kavuka barabara na blanketi la viraka. Saa kumi na robo gari la Clotee limeingia — naye kaleta la kwake! Wakatazamana juu ya mche wangu. Clotee kasema la Verdell ni zito, litavunja shina. Verdell kasema la Clotee lina matundu. Ndiyo maneno yao ya kwanza tangu Krismasi. Sasa wamechomeka vile vigingi vya watu wa barabara pembe nne, wanatandika yote mawili juu yake, kila mmoja anavuta upande wake. Wanabishana vizuri kabisa.

Mimi niko ngazini naandika, nimekatazwa kusogea.

Bi Verdell kaniuliza hivi punde, bila kugeuka: "Ni lako au langu?"

Nikasema, lako. Tangu mizizi.

 Sasa amegeuka. Anakuja huku, anajifuta mikono kwenye aproni, macho yamelowa, na mdomo — naujua mdomo ule, ulilelewa kwa adabu — mdomo unaanza kufunguka. Usiku wa barafu unakuja na mwanamke huyu anataka kunishukuru kwa mche!

Verdell! Mwaka wa hamsini na nne nilikubebea friza mgongoni hadi jikoni kwako, peke yangu, ukasema unanidai — la, ukasema *mimi ndiye ninayekudai* — jambo moja dogo, siku yoyote nitakayotaka. Nalitaka leo. Kohoa. Angalia pembeni. Nitukane.