Mbegu Zilizolala

Nyumbani, nyuma ya kitalu
Jumapili, tarehe 14 Septemba

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Goti linakuendeaje? Nimesikia ngazi za nyumba yenu mpya ni nyingi na lifti hufanya kazi ikitaka. Huku tu wazima, ila Bibi ana kikohozi chake cha baridi, na anakipokea kama mgeni aliyemzoea.

Jumamosi ya wiki iliyopita Baba Mkubwa alinipandisha mpaka kwenye msonobari wako. Nilikuwa nausikia tu kwa maneno yenu, nikidhani mnautia chumvi. Hamkuutia. Miti mingine yote inaishia chini, pale ukungu unapokatika. Kule juu ni mawe, upepo na mti wako basi. Haufiki hata kimo cha paa letu. Shina limejisokota kama nguo iliyokamuliwa, na upande unaopigwa na upepo hauna hata tawi.

Chini tuliokota kijiti kilichovunjika, kinene kama kidole gumba changu. Baba Mkubwa akanipa kioo chake cha kukuzia nihesabu pete za miaka. Sitini na mbili. Kijiti kimemzidi umri Baba Mkubwa, bwana miti mwenyewe! Niliweka mkono kwenye gome nikaona haya, kama mtu aliyeingia chumbani kwa mkubwa bila kubisha hodi.

Haya hiyo ina sababu, na ndiyo hasa ninayokuandikia.

Zile mbegu ulizochuma kabla hujaondoka, trei nne zenye kibao cha mwandiko wako, nilizimwaga mimi. Likizo ya Aprili Baba Mkubwa aliniachia kitalu wiki moja. Miche yote ilikuwa imechomoza, zako udongo mtupu, na mwaka ulikuwa umekwisha tangu zipandwe. Nikaona zimekufa. Nikazimwaga kwenye lundo la mboji, nikaosha trei zikang'aa, nikakaa kungoja sifa. Sikujua kuwa mbegu za mti ule huweza kulala miaka miwili ardhini kabla ya kuamka.

Aliporudi alisema ni panya. Akatega mitego, na kila asubuhi akiikagua husema kwa sauti, "Panya huyu ni msafi kuliko watoto wa humu ndani." Shangazi, shuleni nimefundishwa kuomba radhi kwa lugha mbili, na mdomo ulinigomea kwa zote mbili.

Kule juu ndipo nilipoweza. Tulikuwa tunazifunga koni zake zenye mbegu kwa vifuko vya wavu wa waya ili ndege wasizimalize. Yeye kashika ngazi chini, mimi nipo tawini, uso wake siuoni. Nikasema yote. Ngazi haikutikisika.

"Nilijua siku ileile," akasema. "Panya hasuuzi trei."

"Sasa mitego ya nini, Baba Mkubwa?"

"Nilikuwa namtega mwenye ulimi. Amechukua miezi mitano." Kisha akasema, "Mbegu si zangu. Mwenyewe mwambie. Mpaka akujibu, kitaluni huingii."

Leo ni siku ya nane napita nje ya lango lile nikisikia maji yakimwagwa na mtu mwingine.

Lundo nimelipekua kwa kijiko. Nimepata maganda tu. Yule ndege wa kijivu mwenye mdomo kama sindano alinitangulia. Baba Mkubwa anasema huyo hazili zote, nyingine huzifukia mlimani ziwe akiba, na baadhi huzisahau. Sijui kama ananifariji, lakini huwa nayatazama yale mawe ya juu nikiwaza.

Koni tulizofunga ni kumi na tisa. Nisamehe, Shangazi, na uniruhusu nizipande mbegu zake. Mti ule umekaa kwenye upepo wote huo bila haraka. Na mimi nitajaribu miaka miwili.

Mpe shikamoo yangu Mjomba Fundi Saa, na umwambie Pacha Mdogo kitabu chake ninacho. Bibi anakuombea kila jioni, goti analitaja kwa jina. Mungu akushike mkono kwenye ngazi hizo.

Kibao kipya nimeshakiandika, kipo chini ya godoro kikingoja jibu lako. Kinasema: Zimelala, hazijafa.

Ni mimi, nikupendaye na kukuogopa kidogo,
Kimya