Binti Usingizi Apanda Ngazi

4 Februari

Kwako mke wangu wa ujana na wa uzee,

Shikamoo. Uzima ninao, tena wa kugawia majirani. Wewe je? Meno yaliyobaki yanaelewana? Usiniambie yamekwisha, maana nilipoondoka nilikuacha unatafuna watu vizuri tu.

Habari kubwa ni kwamba mumeo nimepata kazi, na si ya kubeba zege. Mimi sasa ni daktari wa katuni. Cheka, ukimaliza endelea kusoma. Kuna mama mmoja huku anakusanya zile picha za katuni za zamani, zilizochorwa kwa mkono juu ya nailoni angavu, moja moja, kabla kompyuta haijaingilia mambo ya watu. Nyumba nzima ni makabati. Sebuleni makabati, koridoni makabati, hata chumbani kwake kitanda kimejibana katikati kama mgeni asiyealikwa. Mimi namwita Mama Makabati, lakini kimoyomoyo, kazi bado naipenda.

Kila kabati lina droo nyembamba, na kwenye kila droo amelala mtu. Sungura aliyeruka hajatua. Mzee ambaye chafya imemfika puani. Mawingu tu, bila mwenyewe. Ukivuta droo taratibu unahisi umewafumania usingizini. Mapazia hayafunguliwi, vyumba vina baridi, na watu wananong'ona kana kwamba wameingia kwenye ndoto ya mtu mwingine bila hodi.

Siku ya kwanza nikasema, "Hizi bibi yangu alikuwa akizipaka rangi." Mama Makabati akavua miwani, akanitazama kama niliyesema bibi yangu ndiye aliyepaka rangi mbingu. Nawe unanijua, mdomo wangu hauna breki. Nikamwambia hata wewe una zako sandukuni, za msichana anayetembea usingizini. Tangu hapo anaulizia habari zako asubuhi na jioni, nakaribia kuona wivu.

Mlete kwetu huyo msichana, mke wangu. Nitamtunza mwenyewe kwa mikono yangu ya kidaktari.

Mumeo mtarajiwa,
Mjukuu wako


19 Februari

Mume wangu mwenye mdomo mkubwa kuliko kichwa,

Marahaba. Nimeamka salama, na meno yangu hayakuhusu. Wewe unakula? Unalala penye godoro au unalala kwenye droo na hao sungura?

Daktari! Wewe uliyeruka dirisha la darasa hadi mwalimu akaliwekea nondo! Haya, daktari, nikuulize: rangi hupakwa upande gani wa nailoni? Najua utasema mbele. Mbele ni wino, mistari mitupu. Rangi hupakwa mgongoni, mtu akigeuza aone imetulia ndani ya mistari kama maji ndani ya glasi.

Sasa nikueleze kitu ambacho sikuwahi kukueleza, maana ulikuwa hukai chini. Karakana yetu ya katuni ilikuwa na sheria moja: nailoni ni ghali, picha si kitu. Picha ikishapita mbele ya kamera, nailoni inaoshwa ichorwe nyingine. Na waliopaka ndio hao hao waliopewa beseni na sponji. Nimeosha simba mimi. Nimeosha wafalme na taji zao. Rangi zote zikikutana majini huwa kahawia, na kahawia hiyo ndiyo iliyobeba ujana wangu hadi mtaroni.

Huyo msichana wangu, Binti Usingizi, hakuwahi kufika mbele ya kamera. Karakana ilifungwa kabla ya zamu yake, tukaambiwa tuoshe kila kitu, nailoni ziuzwe. Yeye nilimwingiza ndani ya gauni, nikatoka naye nimeshika kiuno kama mjamzito. Bawabu alinipisha, akanitakia heri.

Kila alasiri nazishika nailoni zake pamoja, naziachia kwa kidole gumba moja baada ya nyingine kama kurasa za kitabu, naye anaondoka kitandani, anavuka chumba, anapanda ngazi, anafika dirishani. Basi, hapo anaisha. Nikimfungia kabatini, nitamtembeza nani? Paka?

Jibu ni hapana. Msalimie huyo mama.

Bibi yako

Siku hizi sanduku linanuka siki. Namshuku jirani.


2 Machi

Mke wangu mkaidi,

Shikamoo tena ya magoti mawili. Huku ni wazima, isipokuwa mimi ambaye kichwa kimevimba kwa sifa.

Usimsingizie jirani. Nilimsomea Mama Makabati hicho kipande cha siki, akakaa chini kabla hajatafuta kiti. Siki hiyo inatoka ndani ya nailoni zenyewe. Zikizeeka zinaoza, na kuoza kwake kunaanza na harufu. Kisha zinajikunja. Kisha rangi inachoka kushikilia, inaachia. Na ugonjwa wenyewe unaambukiza, mmoja akianza kunuka, wa chini yake naye yumo. Dawa ni baridi, hewa, na kutoguswaguswa. Vidole vina mafuta, mke wangu, hata vyako vilivyokonda. Kila alasiri unamtembeza kuelekea kaburini.

Nisamehe kwa neno hilo, limetoka kabla sijalipiga pasi.

Lakini sikia tamu yake. Mama Makabati anasema akimpata atampiga picha nailoni moja moja, aziunganishe, na Binti Usingizi atatembea ukutani, mkubwa kama mtu, bila kidole cha mtu. Kitu ambacho karakana nzima ilishindwa, mumeo atakitimiza.

Kufunga ni kazi rahisi, na mimi mtaalamu nakupa maagizo. Kila nailoni iwekee kipande cha gazeti mgongoni. Zipange, zikaze kwa kamba mpaka ziseme ahsante. Kisha zungushia mfuko wa plastiki, mmoja, wa pili, wa tatu, hewa isipate hata pa kuchungulia. Mama Makabati sijamwambia kama nimekuagiza. Nataka nimwekee mezani ghafla, nimwone anavyovua miwani.

Daktari wako,
Mjukuu


15 Machi

Mume wangu,

Marahaba. Afya yangu nzuri, moyo ndio una kazi.

Juzi alasiri nilipomtembeza, kiwiko chake kiliniangukia mapajani. Kipande cha rangi, kidogo kama kucha ya mtoto. Nilikiokota, nikakosa pa kukirudisha. Nikakaa nacho kiganjani mpaka chai ikapoa.

Basi, umeshinda. Nimefunga kama ulivyoagiza, gazeti, kamba, plastiki. Kifurushi nimekikabidhi kwa ofisi ya vifurushi mimi mwenyewe, nikasimama pale mpaka karani akaniuliza kama na mimi nasafirishwa.

Sikia lakini. Kila kingine nilichopaka maishani nilikiosha kwa mkono wangu. Huyo ndiye aliyebaki. Usinifanyie mzaha na huyo.

Bibi yako


20 Aprili

Mjukuu wangu,

Hujambo? Unaumwa? Mwezi umekufa, mwingine umeandama, na wewe kimya. Mtu aliyekuwa akinijaza kurasa kwa habari za sungura leo hana hata mstari.

Kifurushi kilifika au hakikufika? Niambie moja.

Bibi


28 Aprili

Shikamoo Bibi,

Leo sikuiti mke wangu. Mume wa aina yangu huachwa.

Siumwi. Kilifika. Kilikaa kwanza kwenye ghala la vifurushi chini ya mabati, na unajua jua la mwezi ule. Nilipokipata nilikipandisha mezani kwa mbwembwe zote, nikasema, "Mama, funga macho." Akafunga. Nikakata kamba, nikafungua plastiki, siki ikatupiga usoni kama kofi. Alifumbua macho bila kuambiwa.

Kumbe ule mvuke wa siki unatakiwa utoke, uende zake. Mimi niliufungia ndani na joto, na kamba ikakandamiza. Rangi ikalainika, ikashikana na magazeti. Bibi, Binti Usingizi alikuwa kabandikwa matokeo ya mpira mgongoni.

"Nani amekufundisha kufunga hivi?" Mama Makabati akauliza.

"Mimi mwenyewe."

"Hukuona mtu wa kumuuliza humu ndani?"

Nilikuona wewe mama, nikasema moyoni, ila nilikuwa nimeshajiita daktari. Maana ukweli, Bibi, mimi napangusa vumbi na kubeba maboksi. Droo nazivuta akiniruhusu.

Hakunifukuza. Ningependa angenifukuza. Aliniambia, "Glavu zile pale. Uliyemfunga ndiye utakayemfungua." Tukamlaza kwenye boksi lenye kitambaa chenye maji chini yake, bila kugusana, tukafunika. Unyevunyevu unaingia polepole, rangi inalegea, unajaribu ncha ya gazeti kwa kisu chembamba. Ikikataa unamwacha alale tena. Nilikaa na boksi lile mpaka nikaanza kupumua kama linavyopumua. Kuna wakati niliota niko ndani, na wewe uko juu ya mfuniko unanibandua.

Kitandani yuko salama. Anapovuka chumba yuko salama, kasoro kile kiwiko. Dirishani yuko salama, na ile buluu ya gauni lake ilipotokea chini ya gazeti, Mama Makabati aligeuka kama mtu aliyeitwa jina.

Za katikati ndizo zilizoumia. Ngazi nzima. Rangi ilitoka na gazeti, vumbi tupu. Wino haukuguswa, mistari yake yote ipo, nywele, vidole, nyayo. Lakini ndani ya mistari hamna mtu. Unaona ukuta wa nyuma yake.

Mama Makabati anakuomba jambo. Za zamani hazitapakwa tena, hizo zitalala zilivyo. Ila anaweza kunakili mistari kwenye nailoni mpya, akuletee na rangi, umpake mwili mpya wa kupandia ngazi, kwa ajili ya filamu tu. Anasema wewe ndiye mwenye neno, na neno lolote utakalosema ndilo.

Kama neno lako ni tusi, liandike tu. Nitalisoma nimesimama.

Mjukuu wako


17 Mei

Mjukuu wangu,

Marahaba. Nimekawia kwa sababu barua ya kwanza niliyokuandikia ilikuwa na hilo tusi, tena refu. Nimelichana. Ya pili ilikuwa na kilio, nayo nimeichana. Hii ni ya tatu, inakaribia kuwa barua.

Nimekukasirikia. Liwe wazi, usije ukajisahau ukaanza kuniita mke wako. Ulijua kuuliza, hukuuliza.

Alasiri zangu zimekuwa ndefu. Kidole gumba kinajitembeza chenyewe, nakikamata kinasugua meza.

Mwambie mama wa watu nimeshukuru, lakini nailoni mpya asiniletee. Nimelifikiria hilo la mwili mpya hadi nimeota. Nimemwona amesimama kwenye ngazi ya kwanza, ananitazama, hana rangi, wala haoni aibu. Nikaamka najua. Mtu akiota huacha mwili kitandani. Hakuna aliyewahi kupanda kwenye ndoto na uzito wake. Sisi karakanani tulimpaka rangi mwanzo mpaka mwisho kwa sababu tulikuwa wafanyakazi, tuliogopa msimamizi, hatukuwa na nafasi ya kufikiri. Huenda tulikosea sisi.

Mwacheni apande wino mtupu. Akifika dirishani atavaa.

Na wewe, hizo glavu usizivue.

Bibi yako


5 Juni

Shikamoo Bibi (ninakuita hivyo kwa kuogopa, lakini nachungulia),

Mimi mzima. Natumaini kidole kimetulia.

Neno lako nilimsomea Mama Makabati. Akaomba nilirudie pale pa kuacha mwili kitandani. Kisha akasema, "Leta kamera." Tumempiga Binti Usingizi picha nailoni moja moja, yeye analenga, mimi nabonyeza. Ndiyo, mimi nilibonyeza.

Nailoni zenyewe sasa zimelala kila moja kwenye droo yake, pana hewa, pana baridi, hakuna kamba. Siki imepungua. Mama Makabati anasema haitaisha, ugonjwa ule hauponi, ila unaweza kucheleweshwa sana, na yeye ni mtu wa kuchelewesha.

Mimi filamu sijaitazama. Ameniuliza mbona, nikasema kuna mtu lazima aitazame kwanza. Ameniazima projekta ndogo. Nakuja nayo baada ya majuma mawili, nimeipakata mapajani, na safari hii nimeuliza jinsi ya kuifunga. Nimeuliza mpaka akaniambia inatosha.

Tafuta blanketi zito la kuziba dirisha.

Mjukuu wako, mbeba maboksi


22 Juni

Mume wangu msinziaji,

Marahaba ya jana, maana uliondoka mbiombio kuwahi basi, shikamoo ukaiangushia mlangoni. Umefika? Miguu haikuvimba? Umemrudishia mama wa watu mtambo wake mzima? Mimi sijambo, isipokuwa jambo moja nitakalolisema mwisho.

Ulijigamba vizuri. Blanketi ukatundika, ndoo ukaipindua, projekta ukaipandisha, ukasema, "Kaa ujionee kazi ya wanaume." Nikakaa. Picha ilipotokea nikageuka nikuambie tazama, nikakuta umeshakoroma, mdomo wazi kama droo. Sikukuamsha. Mtu aliyelala siku zote hizo na boksi la wenyewe ana deni na usingizi.

Basi nilikuwa na Binti Usingizi peke yangu. Aliamka kutoka kitanda chake hadi kwenye ukuta wangu, mrefu kunishinda. Akavuka chumba na kiwiko chake kibovu. Nikawa nangoja kidole gumba kimsukume, kisha nikakikumbuka, kimekaa zake mapajani. Alikuwa anakwenda mwenyewe.

Kwenye ngazi rangi ikamtoka. Hivi hivi, kama mtu anayetoa pumzi. Nikauona ufa wa ukuta wangu umepita kifuani mwake, na yeye anapanda tu, ufa unabaki chini. Juu kabisa, dirishani, buluu ikarudi. Nilikuwa nimesahau kwamba niliichanganya mimi.

Ilipoisha filamu nilibonyeza kile kitufe ulichonikataza. Akaamka tena. Nilikibonyeza mpaka ulipoanza kujinyoosha, ndipo nikakaa vizuri, nikajifanya ndiyo kwanza inaanza.

Sasa lile jambo. Pale kwenye ngazi hakuwa na mwili, na naona aliazima wa jirani. Leo nimeamka magoti yote mawili yananiuma, kama ya mtu aliyepanda juu sana.

Mkeo,
Bibi yako